Mishale Myeusi na Ile Ndiyo Yangu

Baraka mwanangu,

Bwana akufunike hapo ulipo, yaani kanisani, maana najua ibada ya kukuaga haijaisha. Mama Mchungaji akishika maikrofoni haiachii. Mimi nimewaambia mguu unauma. Mguu hauumi. Ni uongo mdogo, na ukishasoma barua hii utaona kwa nini sina haki ya kuusema, basi ucheke tu, Mungu ataniambia yangu. Nimebaki ili nikuandikie. Kwa mdomo tukianza, utasema "Eish, Mama," nami nitapandisha sauti, na wale wa chumba cha pili watagonga ukuta kama kawaida yao.

Soma polepole. Kiswahili unakisikia kuliko unavyokisoma, na Kizulu chako kimewapita hata wenye nacho. Neno likikushinda, mpigie baba yako.

Sitaandika habari ya blanketi wala ya kula vizuri. Hayo baridi na njaa vitakufundisha, tena haraka. Naandika juu ya mkono wako wa kushoto, juu ya maneno uliyotuambia Jumapili mezani, na juu ya jambo nililofanya leo kazini. Nina hasira, papa, mwanangu. Nyingine ni kwako, nyingi ni kwa wengine, na ile kubwa ni yangu mwenyewe. Nimeomba Mungu aiondoe tangu Jumapili, bado ipo. Labda ameona ina kazi.

Unajua nilivyofika Midrand, lakini hujui yote. Nilikuwa nasuka nywele pale mjini, kwenye kibaraza cha lile ghorofa lenye makanisa matatu. Mteja wangu mmoja alikuwa anasafisha maofisi Midrand. Siku hiyo nikimmalizia kichwa akaniambia kuna duka la pinde, wanatafuta mtu wa vidole vyepesi wa kubandika manyoya kwenye mishale. "Wewe unayesuka nyembamba hivi," akasema, "manyoya ya bata mzinga yatakushinda?" Kesho yake nikapanda taxi.

Mzee Hennie, mwenye duka, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kongo, Uvira. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyekutana na shemeji. "Kongo! Kwenu bado mnawinda kwa upinde?"

Sasa sikiliza. Mtu anayetafuta kazi Johannesburg akiulizwa jambo lolote, jibu ni ndiyo. Unajua kupika chakula cha Wahindi? Ndiyo. Unajua kuendesha gari? Ndiyo, leseni iko njiani. Nami nikasema ndiyo. Akauliza, "Na babu yako?" Nikasema, "Babu yangu alikuwa mwindaji mkubwa."

Babu yangu! Yule mzee alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na majoho ya kwaya, na kitu chenye ncha alichokishika maisha yake yote ni sindano. Mbuzi akichinjwa uani alikuwa anageuza uso na kuanza kuimba wimbo wa dini.

Hennie akamwita mke wake aje anione. Wakaniambia siku ya pili nije na kitenge. Wakanipa upinde mrefu wa mti nikaushika, wakanipiga picha, wakaitundika ukutani juu ya mahali pa kulipia. Wewe umeiona mara nyingi, ulikuwa unasema mama yako amekuwa staa. Wateja walikuwa wakiingia wanaangalia picha, halafu wananiangalia mimi. Mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani aliniambia, kwa upole kabisa, "Mama, sisi tunatafuta kile ambacho ninyi bado hamjakipoteza." Mkononi nilikuwa na gundi iliyotoka Amerika. Nilitaka kumwambia: mimi nimepoteza nyumba, nimepoteza dada, nimepoteza hata cheti cha ubatizo. Upinde sikuwahi kuwa nao hata niupoteze. Nikatabasamu. Nikasema, "Yes, sir."

Tena mteja huyo huyo, anayetafuta mambo ya mababu, alikuwa ananunua mishale ya alumini! Bomba za alumini zilizopakwa rangi zifanane na mti. Siku Hennie alipoanza kuleta ya kaboni, ndiye wa kwanza kulalamika kwamba kaboni si asili. Nikajiuliza moyoni, na alumini ilichimbwa na nani kati ya mababu zake?

Kazi ya alumini nilifundishwa na Thandeka, yule dada aliyekuwa karibu kujifungua na ndiye niliyechukua nafasi yake. Alinifundisha vizuri, Mungu ambariki na huyo mtoto wake. Unauviringisha mshale juu ya kioo, ukiyumba unajua umepinda wapi, unaunyoosha kwa kile chombo, unaurudisha kioo. Kukata, unatumia kisu cha gurudumu, kinazunguka bomba kama mtu anavyomenya chungwa. Chembe ya mbele, ile ncha ya chuma, unaipasha kwa moto wa gesi mpaka gundi ilainike, unasukuma, unaacha ipoe. Ikikaa vibaya, moto tena, unaitoa. Nilikuwa na mkono wa kazi ile. Alumini haifichi kitu, ikiumia inapinda, na hata mtoto anaona.

Halafu ikaja Jumatatu moja nikakuta maboksi. Wawindaji walikuwa wamechoka na mishale inayopinda kila ikigusa jiwe, au mnyama akiiangukia. Hennie akafungua boksi, akanitolea mshale mweusi, mwepesi kama kijiti cha mahindi. "Mama, kuanzia leo ni kaboni."

Nikauliza, na hili nataka ulijue, niliuliza. Nikasema, "Mzee, kazi yake ina tofauti na ile?"

Akacheka. "Unaniuliza mimi? Damu yako inajua mishale kuliko vitabu vyangu vyote."

Ningeulizaje tena? Babu yangu mwindaji alikuwa amesimama mlangoni, amenifungia. Ningesema "sijui, nionyeshe," angeniuliza yule babu alikuwa anafanya nini basi. Kwa hiyo nikaichukua mishale myeusi nikaenda kuifanyia kama alumini. Niliipasha moto. Moto ule ule, gesi ile ile.

Kaboni haipashwi moto, mwanangu. Leo unajua, nami najua. Ni nyuzi zilizoshikwa na gundi ngumu, na moto unaipika ile gundi mpaka inakuwa kama mkate mkavu, na nje huoni kitu. Mweusi kabla, mweusi baada. Unang'aa vilevile.

Jumamosi ile ulikuja kunisaidia kama kawaida, ukiwa bado na suruali ya shule. Hennie alikuwa anakupenda, sitamnyima hilo. Yeye ndiye aliyekuwekea upinde mdogo na kukuacha upige kwenye marobota ya nyasi huko nyuma. Nilikuwa ndani nafunga uzi kwenye manyoya. Nilisikia mlio, si ule wa mshale kupiga nyasi. Ulikuwa kama mtu aliyevunja fito kavu juu ya goti. Halafu ukaita, na hukuita kwa Kizungu wala kwa Kizulu. Uliita "Mama!" vile ulivyokuwa unaita mgongoni kwangu.

Mshale ulikuwa umekatika ulipokuwa unaondoka kwenye uzi wa upinde, pale pale karibu na mbele nilipopasha moto, na sehemu iliyobaki ikaingia kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha pili. Ulikuwa bado umeshika upinde. Ulikuwa unauangalia tu mkono, kama si wako.

Kliniki yule nesi alitoa nyuzi nyeusi kwa kibano, moja moja, anaziweka kwenye bakuli. Mimi ni msusi, nimeshika nyuzi maisha yangu yote, na sijawahi kuona nyuzi nilizozichukia hivyo. Alipodhani amemaliza akakuta nyingine.

Lakini kabla ya kliniki kulikuwa na yale ya dukani, na hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Nimekufunga taulo, damu inapita, Hennie anaokota vipande. Akavinusa. Akasema mbele ya wateja, "Mama, uliupasha moto? Kila mtoto anajua kaboni haipashwi moto!"

Mtoto gani? Wa nani? Wangu ndiye huyo hapo anatoka damu, hakujua.

Halafu akasema, taratibu, kama mtu aliyedanganywa na mke: "Lakini wewe uliniambia babu yako..."

Ndiyo yangu ilikuwa imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa na haki ya kupiga kelele mpaka Pretoria wasikie, na sikuweza kufungua mdomo. Usiku mwingi baada ya hapo nilikuwa nabishana naye kichwani. Nilimwambia: sawa, tuseme babu yangu alikuwa mwindaji wa kweli, tuseme alikaa porini na matete na sumu, kaboni angeijulia wapi yeye? Iliota kwenye mti gani? Wewe umezaliwa na watu wa mikokoteni ya ng'ombe, mbona gari likikufia unamwita fundi? Maneno mazuri kweli, na yote nilimwambia ukuta.

Jeraha lilipoanza kufunga nilimwendea. Nikasema, "Mzee, nifundishe kaboni kama mtu asiyejua kitu." Hata hapo babu sikumtaja, niliona aibu. Akashangaa, lakini alinifundisha, na ni mwalimu mzuri kumbe. Kukata ni kwa msumeno wa mbio wenye kisahani chembamba, si kile kisu, na unafunga pua na mdomo, ule unga mweusi usiuvute. Chembe ni kwa gundi ya kuchanganya, bila moto. Mbele tunaongeza kipande cha shaba, kwa sababu kaboni ni nyepesi mno kwa pinde hizi za kienyeji, inampiga mnyama na kumuumiza bila kumuua, na huo ni ukatili. Na kabla ya kuupiga, kila mara, unaushika huku na huku, unaukunja mbele mbali na uso, unauzungusha, unaukunja tena, unasikiliza. Ukilia hata kidogo, umeisha. Haunyooshwi, hautengenezwi, unavunjwa na kutupwa.

Unajua yote hayo yalichukua muda gani? Asubuhi moja. Tulimaliza kabla ya chai. Asubuhi moja tu, Baraka! Yeye hakuwa nayo, nami sikuwa na mdomo wa kuiomba, na wewe mpaka leo kidole gumba kinakataa kukunja kukiwa na baridi. Usidhani sikuoni asubuhi ukikisugua chini ya meza.

Usinielewe vibaya. Sina ugomvi na kaboni. Wale wenye ndevu wanaolilia alumini, waache walie. Mshale wa kaboni uliotengenezwa sawa unakwenda wima, na mnyama hateseki. Mimi mwenyewe sasa sitaki kurudi alumini. Ugomvi wangu ni na ile siku ya kubadilisha, watu walipobadilisha kitu mkononi mwangu na kuniambia damu yangu itajua.

Sasa tuje Jumapili.

Tulikuwa tunakula, sombe ya majani ya muhogo ilikuwa imeiva vizuri, baba yako ameamka kabla ya kwenda lindo lake, sote tumefurahi. Ukaanza kutuambia habari ya Bwana Kobus, huyo mwenye shamba la wanyama kule Limpopo. "Mama, aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kongo. Akasema, basi wewe umezaliwa mwindaji! Nikasema ndiyo. Nikamwambia babu yetu aliwinda tembo kwa upinde."

Baba yako akacheka mpaka tonge la fufu likamkwama. "Tembo! Mzee wa majoho ya kwaya!"

Nawe ukaendelea, unajivuna, kwamba kwa sababu hiyo hutaanza chini kama wengine. Utakuwa na wageni wa kuwinda moja kwa moja, utafuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa, wao wakiwa nyuma yako. Hata nyati. Nikakuuliza, "Baraka, umewahi kufuata damu ya nini?" Ukasema, "Eish, Mama, ni kazi tu. Wageni wanapenda stori. Kila mtu anafanya hivyo." Nikaondoka mezani. Mlidhani nimekasirika kwa sababu ya uongo, kwamba mama ni mlokole. Sikuondoka kwa ajili hiyo. Niliondoka kwa sababu nilisikia ule mlio tena.

Mwanangu, wewe umekulia hapa Bellevue. Damu uliyowahi kufuata ni ya kuku wa Krismasi aliyemponyoka baba yako akakimbilia kwa jirani zetu Wanijeria. Unajua robot zote, taa za barabarani, kutoka hapa mpaka mjini, unajua duka lipi la spaza linakopesha. Nyati aliyechomwa mshale hakimbii mbali, nimewasikia wawindaji wenyewe dukani. Anazunguka, anasimama kwenye majani, anangoja. Na wewe ungekuwa wa kwanza mbele, kwa sababu ya babu aliyegeuza uso mbuzi akichinjwa.

Na huyo Bwana Kobus naye! Mtu mzima, ana ardhi, ana bunduki, ana wanyama wa kila aina, anamwona kijana wa mjini amevaa viatu vya tekkies vyeupe na anasema kazi hii umezaliwa nayo. Hakukuuliza umefundishwa na nani. Ni rahisi kwake. Mtu aliyezaliwa nayo hafundishwi, na akiumia wanasema ajabu, kwao si wanajua?

Leo alikuja dukani kuchukua mishale yake. Nilikuwa nimeimaliza mimi, ya kaboni, mizito mbele, yote nimeikunja na kuisikiliza. Akanisalimu vizuri: "Mama Baraka, kijana wako tunamngoja. Damu ya wawindaji!"

Hennie alikuwa pale pale, anaandika risiti.

Nikasema, "Bwana Kobus, babu yetu alikuwa fundi cherehani."

Akatabasamu, akidhani sijamaliza.

Nikasema, "Hakuwinda tembo. Hakuwinda hata panya. Mwanangu anajua kupiga upinde, amejifunza hapa nyuma ya duka. Kaboni anaijua, imeingia mkononi mwake. Lakini kufuata mnyama hajui. Ukimweka mbele ya nyati utaniletea maiti."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mbona aliniambia anajua?"

"Kwa sababu ulimuuliza vibaya," nikasema. Sijui maneno yale yalitoka wapi. "Ulimuuliza amezaliwa wapi. Muulize anajua nini. Na asichojua, mfundishe. Ni asubuhi chache tu."

Akaihesabu mishale yake upya. Nilifikiri atasema usije kabisa, nami najua ulivyoingoja kazi hii. Mwishoni akasema, "Basi hatakuwa na wageni. Ataanza banda la kuchuna ngozi. Akitoka huko atatembea nyuma ya mzee Lesiba, mfuatiliaji wangu, mpaka Lesiba mwenyewe aniambie yuko tayari. Ikichukua mwaka, ni mwaka."

Nikasema, "Aksanti."

Alipoondoka, Hennie aliweka kalamu chini. "Fundi cherehani," akasema. Nikasema ndiyo, na safari hii ilikuwa ndiyo ya kweli. Akasema, "Jumatatu tutaongea, Mama." Sijui tutaongea nini. Ikiwa kazi imekwisha, vidole bado ninavyo na vichwa vya kusuka havijaisha Johannesburg. Baba yako nimemwambia kwa simu. Akauliza, "Huyo mtoto atakuua au atakuacha?" Nikamwambia atachagua mwenyewe.

Ndiyo hivyo. Nimekupunguzia cheo kabla hujafika. Nguo za wageni hutavaa, utavaa ovaroli na utanuka ngozi, na wale vijana uliowatambia kwa WhatsApp watakucheka. Ningekuacha usikie huko kwa Bwana Kobus, lakini ni mimi niliyefanya, usikie kwangu. Sikuombi msamaha. Ningepewa leo mara ya pili, ningesema tena, tena kwa sauti.

Ukifika kwa huyo mzee Lesiba, akikuonyesha alama kwenye mchanga na wewe huioni, sema huioni. Atacheka, acha acheke. Sema tena huioni. Mimi sikuweza kusema hivyo kwa sababu ya neno moja dogo, mbele ya boksi la mishale, na bei yake ulilipa wewe.

Nasikia sauti zenu kwenye ngazi, mmetoka kanisani. Barua hii naiweka juu ya begi lako. Isome, halafu ulale au usilale. Kwenda bado ni uamuzi wako, hakuna aliyekufungia mlango. Alfajiri nitakuamsha. Ukiwa na maneno ya kunirudishia, na najua utakuwa nayo, usiyabane. Nirushie njiani tukienda kituo cha taxi. Begi zito nitabeba mimi, kwa hiyo sitaweza kukukimbia.

Mama yako, ambaye bado amekasirika na bado anakuombea